Mitende Iliyotiwa Kalafati

Chumba chetu kilikuwa nyuma ya nyumba ya ghorofa, kati ya tangi la maji na ukuta, na tulikipata kwa ajili ya mitende. Nasema hivi waziwazi kwa sababu baadaye watu mjini walisema tulipewa kwa huruma, kwamba mwenye nyumba aliwaona mayatima akaingiwa na imani. Haikuwa huruma. Alikuwa na safu mbili za mitende ya mapambo iliyoletwa kwa meli kutoka ng'ambo, mitende isiyozaa tende ya kuliwa, na alihitaji mtu wa kulala karibu nayo, ainyweshe kabla jua halijapanda na awafukuze mbuzi. Mimi nilikuwa mtu huyo. Wadogo zangu watatu walikuja pamoja nami kama vile sufuria na mkeka vilivyokuja pamoja nami.

Kabla ya hapo tulikuwa Kudhaa, kisiwani kwetu. Mama alitangulia, baba akamfuata kabla mwaka haujaisha. Matanga ya baba yalipokwisha, jamaa walikaa ukumbini wakatugawa. Sikusikiliza mlangoni, nilikuwa mbele yao, nikiwamiminia kahawa. Ami yangu, mdogo wake baba, fundi wa mashua, alisema atamchukua ndugu yangu wa kiume anayenifuata, kwa kuwa mikono yake imekwisha kupata nguvu. Shangazi wa kisiwa cha Fuma alimtaka msichana amsaidie nyumbani. Kitinda mimba angepelekwa kwa jamaa za mama, Lamu. Mimi ningetafutiwa mume. Walizungumza kwa upole, kila mmoja akijitolea mzigo wake, na upole ule ndio ulioniuma. Walitugawa kama samaki wanavyogawiwa pwani, fungu hili na fungu lile, na hapakuwa na hata mmoja wa kumlaumu.

Nikaweka birika chini. Nikasema, "Hatugawanyiki."

"Mwanangu," ami akasema, "utawalisha nini? Maneno?"

Niliacha shule wiki ile, nikiwa darasa la saba, nikavuka nao wote hadi Kismayu. Nilifua nguo za watu, nikauza sambusa, tukalala ukumbini kwa watu hadi wenyewe wakachoka nasi. Ndipo nikampata mwenye nyumba, mama wa Kisomali aliyekuwa amerudi kutoka ughaibuni kujenga. Sote tulimwita eddo, kama Wasomali wanavyomwita shangazi. Alinipeleka langoni, akanionyesha mitende, kisha akanionyesha chumba.

"Mitende ikiwa hai, chumba ni chenu," alisema. "Ikifa, sitakuwa na kazi ya mtu."

Aliyasema bila ukali, kama mtu anayetaja saa ya kufungua duka.

Basi nikaitunza. Maji yalikuja kwa gari la punda, na mitende ilikunywa kwanza. Mapipa yakishamiminwa kwenye mashimo yake, kilichobaki ndicho tulichoogea na kupikia. Siku za ukame ndugu yangu alikuwa akisimama pale na kata mkononi, akiutazama mchanga unavyoyanywa maji, kisha akisema, "Dada, muulize eddo kama mitende nayo inakwenda shule." Alikuwa anakwenda yeye. Ndiyo maana niliyamimina maji yale bila kinyongo, au kwa kinyongo nilichoweza kukimeza. Wadogo zangu walikuwa na chumba kimoja chenye mlango unaofungwa, na kila asubuhi wawili walitoka na madaftari na mmoja alibaki akinishika kanga.

Siwezi kusema mitende ile haikuwa mizuri. Jua likiwa limeinama, matawi yake yalitupa vivuli kwenye ukuta mweupe, na watu waliopita walisimama kupiga picha. Lakini eddo hakutosheka na uzuri iliokuja nao. Alinionyesha picha kwenye simu: mitende ya hoteli fulani ya nchi za mbali, imekatwa matawi ya chini yote, shingo zimechongwa laini.

"Nataka vichwa vyake vikae kama mananasi."

"Matawi haya bado mabichi, eddo."

"Ndiyo, na mimi nataka nanasi."

Nikapanda ngazi na panga. Nilikata matawi ambayo hayakuwa na kosa, kisha nikachonga vikonyo mpaka shina likawa kama limenyolewa. Kila jeraha lilitoa maji, na maji yale yalinuka utamu wa tende zilizochacha. Kila baada ya wiki chache nilirudia, kwa maana mti hauachi kuota kwa sababu mtu amechoka kuunyoa. Baada ya kunyoa mara ya tatu au ya nne, niliona wadudu. Walikuwa wa rangi ya kutu, wana pua ndefu iliyopinda kama ndoana, na walitembea juu ya yale majeraha mabichi taratibu, kama watu wanaotazama nyumba ya kupanga.

Kwetu tunamjua chonga. Huyo ni mweusi, ana pembe, na huingia mnazi kwa juu, akala moyo wa matawi. Baba alikuwa na waya wenye ncha ya kulabu. Alipanda, akamchomoa chonga shimoni kama mtu anayechomoa pweza mwambani, akatuletea tuwape kuku. Waya ule nilikuja nao. Ulikuwa miongoni mwa vitu vichache vya baba ambavyo hakuna jamaa aliyevitaka. Niliuingiza katika kila shimo nililoliona, lakini mashimo ya mdudu huyu yalikuwa ubavuni, yanaingia na kupinda, na waya ulirudi mtupu, umepakaa uji wa kahawia.

Wale wekundu niliowaona niliwasaga kwa kandambili. Kumbe niliowaona hawakuwa tatizo.

Asubuhi moja, kitinda mimba alikuwa ameukumbatia mtende wa karibu na lango, ameweka shavu kwenye shina. Nikadhani anacheza.

"Dada," akasema, "mti unakula."

Nikaweka sikio. Ilikuwa sauti ndogo, kavu, isiyopumzika, kama mtu anayetafuna kaukau chumba cha pili. Nikaenda kwenye mtende uliofuata, nikaisikia. Nikavuka upande wa pili. Huko miwili ilikuwa kimya, mingine inatafunwa. Juu, matawi yalikuwa bado ya kijani, yanapepea, na nje ya lango kijana mmoja alikuwa akijipiga picha.

Nilimwambia eddo siku ileile. Alikuwa katika maandalizi. Binti yake alikuwa anakuja kutoka ng'ambo kuolewa, na picha za harusi zilikuwa zimepangwa kupigwa pale langoni, katikati ya zile safu mbili.

"Kuna mdudu ndani, eddo. Anakuja kwa harufu ya pale ninapokata. Tuache kuinyoa. Na itafutwe dawa."

Alicheka. "Wanaume wote wa mji huu wananyolewa ndevu kila Ijumaa, na sijaona aliyeliwa na mdudu."

"Njoo uweke sikio."

"Niweke sikio kwenye mti, barabarani, watu wananiona?" Akafikiri kidogo, uso ukabadilika. "Si mdudu. Ni jicho. Watu wanaitazama mno."

Jioni ile ilibidi nibebe chetezo cha udi, nipite mtende kwa mtende, nifukize. Moshi ulipanda vizuri. Jirani yake eddo, mama mwenye duka la vitambaa ng'ambo ya barabara, alitokeza kichwa akauliza kama mitende nayo ni maharusi. Kuhusu dawa, eddo alinunua kopo la kuulia mende, la kupuliza. Lilinuka ndimu. Niliwapulizia wadudu waliokuwa nje. Wale waliokuwa ndani waliendelea kula.

Tawi la katikati la mtende mmoja lilipoanza kulala upande, eddo naye aliliona, na hapo ndipo hofu yake ilipoanza. Yangu ilikuwa imekomaa. Usiku nilihesabu jamaa badala ya kulala: huyu Fuma, yule Lamu, huyu kwa ami. Nilimtumia ami salamu aje, kwa kuwa fundi wa mbao niliyemjua ni yeye tu.

Alikuja na mfuko wake wa kazi. Ni mtu mfupi, mabega mapana, na mikono yake hunuka mafuta ya papa hata siku ya Idi. Aliuzunguka mtende, akabonyeza shimo kwa kidole gumba, akanusa uji uliotoka, akatema mate pembeni.

"Huyu namjua," akasema.

"Unamjua wapi, ami? Kwetu hayupo."

"Jina lake silijui. Kazi yake naijua. Si kutoboa mbao? Mashua ngapi nimezitibu? Unamchoma kwa moto wa makuti kwa chini, unampiga pamba yenye mafuta kila tundu, unapaka deheni juu. Kila chenye roho kinavuta pumzi. Mzibie, atakufa mwenyewe."

"Huu si ubao, ami. Huu bado uko hai."

"Mchi ni mchi," alisema, kwa Kibajuni chetu ambacho mtu akiwa mchu, mti nao huwa mchi. "Ubao unadhani ulizaliwa sokoni?"

Maisha yangu yote nilikuwa nimeona mashua zikipandishwa nchi kavu, zikichomwa, zikizibwa na kupakwa, kisha zikirudi majini bila kuvuja. Kisiwani hatuna tiba kubwa kuliko hiyo. Nikamshikia ndoo.

Alifanya kazi kwa moyo, na hilo siwezi kumnyima. Alifukiza kila shina kwa uangalifu asiunguze matawi. Alisokota pamba, akaichovya kwenye mafuta ya papa, akaipigilia kalafati tundu kwa tundu, kwa nyundo ndogo, akiinamisha kichwa asikilize mlio kama anavyosikiliza mbao za mashua. Kisha akachanganya chokaa na shahamu, akapata deheni nzito, nyeupe, akaipaka kuanzia mizizini hadi usawa wa kifua. Ndugu yangu alirudi kutoka shule akamkuta, akavua shati, akaanza kumpa pamba bila kuambiwa. Ami alimtazama mara mbili tatu.

Tulipokaa kunywa chai alisema, "Ikishindikana hapa, huyu mimi namchukua. Ujue hivyo."

"Na hawa wawili?"

"Fuma wapo. Lamu wapo."

"Haitashindikana," nikamwambia.

"Inshallah," akasema, na aliitoa kwa dhati.

Eddo alitoka, akaishika mitende, akafurahi. Matundu hayakuonekana tena. Uji haukuchuruzika tena. Mashina yalikuwa meupe chini, kijani juu, yamepangika, na harufu ya papa, alisema, itakwisha kabla ya harusi. Mama wa duka la vitambaa alisimama mlangoni kwake, mkono kiunoni.

"Eddo, mbona mitende imevaa soksi? Inakwenda mpirani?"

Barabara nzima ikacheka, na jina likakaa: mitende ya soksi. Hata dereva wa gari la punda alisema hivyo, maji ya mitende ya soksi. Eddo hakujali. Alinipa kanga mpya, na akasema nikiendelea hivyo atatuwekea feni chumbani.

Lakini mimi bado niliweka sikio. Siku za kwanza nilisikia kimya, au nilitaka kusikia kimya. Kisha ikarudi. Sauti ilikuwa ya ndani zaidi sasa, nzito, kama inayotoka chini ya godoro. Ile pamba iliyopigiliwa haikuwa imewaua. Ilikuwa imetuzibia sisi. Mwanzo tuliweza kuona uji ukitoka tukajua ni mtende gani unaoliwa na umeliwa kiasi gani. Sasa yote ilikuwa safi sawasawa. Nilimwambia eddo, akaniuliza kwa nini nataka kumharibia harusi. Niliendelea kumwaga maji kwenye mizizi ya miti ambayo nilijua haina tena kitu katikati cha kuyapandisha.

Kichwa cha kwanza kilianguka mchana, hakuna upepo, siku chache kabla bibi harusi hajafika. Nilikuwa nikianika nguo. Nilisikia kishindo kama cha gunia lililolowa, nikakimbia langoni, nikakikuta kimelala barabarani kizima, matawi yake yote ya kijani yamejitandaza, na juu shina limebaki limesimama na soksi yake nyeupe, halina shingo. Hakuna aliyeumia. Mbuzi walifika kabla ya watu.

Ami aliitwa. Alikuja na shoka badala ya nyundo. Tulipasua shina pale pale chini ya ukuta. Ndani hamkuwa na mti. Kulikuwa na nyuzi zilizooza, zenye joto ukizishika kama chakula kilichovunda, na mabuu meupe manene kama vidole vya mtu mzima, vichwa vya kahawia, yanajinyonga kwenye jua. Na kulikuwa na vifuko. Mabuu yaliyokomaa yalikuwa yamejisokotea vyumba kwa nyuzi za mtende wenyewe, kila moja na chake, kimekazwa vizuri kuliko kikapu, yamelala humo yakingoja kuota mbawa. Ami alipasua kimoja kwa kisu akakishika kwenye kiganja muda mrefu.

"Wamejenga," alisema.

Kisha akaitafuta pamba yake. Ilikuwa mahali pake, tundu kwa tundu, imekaa sawasawa, haijalegea hata moja. Ilikuwa kalafati nzuri. Mashua ingevuka nayo hadi Mombasa.

Eddo hakupiga kelele. Laiti angepiga. Aliagiza yote ikatwe, ile miwili iliyokuwa bado kimya ikiwemo, akapiga simu, na kabla ya harusi lori likaja na mitende mingine. Ilikuwa ya plastiki. Mashina yake yalikuwa vyuma vilivyofunikwa kitu cha kahawia kama gome, matawi yamechomekwa, na kila jani lilikuwa na waya wa taa. Mafundi waliifunga kwa skrubu kwenye saruji. Ilipowashwa iling'aa kijani, halafu zambarau, halafu kijani tena, na barabara nzima ikashangilia, mama wa duka la vitambaa akiwa mbele.

Mafundi walipoondoka, eddo aliniita.

"Wewe hukufanya kosa lolote," alisema. "Nataka ujue hivyo. Lakini hii hainywi maji, umeona. Na taa zinahitaji jenereta, na jenereta haiwezi kukaa mvuani."

Nilielewa kabla hajageuka kukitazama chumba. Akasema tunaweza kukaa hadi harusi ipite, tule pilau. Tulikula. Wadogo zangu walikuwa na njaa, na pilau haina kosa.

Kabla hatujaondoka nilikuwa na jambo moja la kumalizana na ami. Alikuwa amekwisha kuyapanga magogo ya mitende ufukweni, ayapeleke Kudhaa yawe ya kuburuzia mashua. Kisiwani gogo la mviringo halitupwi. Huwekwa chini ya mashua, watu wakavuta. Nilimwambia yatachomwa hapa hapa.

"Unachoma mbao? Umerogwa?"

"Wako ndani, ami. Wataota mbawa. Kudhaa kuna minazi ya baba."

"Magogo mazuri namna hii."

"Hayavuki."

Nilimng'ang'ania mpaka alipoleta mafuta ya taa. Yaliungua siku mbili, kwa moshi mchafu, na nilikaa upande wa upepo mpaka likabaki jivu. Hapo ndipo aliposema lile lingine, akitazama jivu, hanitazami mimi.

"Mvulana namchukua. Tulikubaliana."

"Hatukukubaliana. Ukimchukua mmoja, unatuchukua wote."

"Nyumba yangu ndogo, mwanangu."

"Tutalala katika banda la mashua."

Nilingoja aniulize nitawalisha nini. Hakuuliza. Nadhani alikuwa anaifikiria ile pamba. Sikuitaja, na wala sijaitaja hadi leo, ila nilisimama pale nikamwacha aifikirie.

"Shule ya kule imefungwa kwa sasa," alisema mwisho. "Atafanya kazi."

Nikakubali. Hiyo ndiyo bei, na niliilipa kwa maisha ya mtu mwingine. Ndugu yangu hakulalamika. Aliyafunga madaftari yake kwa kamba, akayatia kwenye sufuria, tukapanda. Sasa tunalala sote wanne kwenye banda, mashua za watu zimetuinamia, na yeye anapiga kalafati vizuri; ami anasema atampita. Mikono yake imeanza kunuka mafuta ya papa.

Juzijuzi nilivuka kwenda mjini kuuza samaki wakavu, nikapita barabara ile. Mitende ya plastiki imepauka kwa jua, matawi mengine yameanguka, na vumbi limekaa juu yake hata taa zinaonekana kama zinawaka ndani ya moshi. Eddo alikuwa langoni. Alifurahi kweli kuniona, akauliza habari za wadogo mmoja mmoja.

"Ungekuja mara moja kwa wiki unifutie vumbi," akasema. "Wengine hawana mkono kama wako."

"Chumba kipo, eddo?"

"Chumba kina jenereta, unajua."

"Basi jenereta ifute."

Mama wa duka la vitambaa alicheka hadi akashika mlango. Mimi sikucheka. Nilijitwika kapu langu nikashuka pwani.

Kudhaa, minazi ya baba ipo nyuma ya banda. Kila asubuhi, kabla sijawasha moto, naiendea mmoja mmoja na kuweka sikio. Kitinda mimba huja nyuma yangu na kuuliza, "Inakula?"

Mpaka leo, haili.